Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: fumbo la daraja la mbao na jinsi ya kulimaliza kwa DP

Haya ni maswali yanayonijia sana kutoka kwa vijana wa hapa Wete, wa Chake na wa Unguja wanaojifunza programu, mengi yanakuja kwa voisi za WhatsApp usiku na mengine naulizwa hapo hapo barazani, sa nimeyaweka pamoja mtu asome kwa nafasi yake. Nimetumia Python mana wengi wenu mnayo hata kwenye simu, ila fikra ni ile ile kwa lugha yoyote.

Fumbo lenyewe linasemaje?

Kuna daraja la mbao linakatiza mikoko. Mbao zimepangwa mstari mmoja na tunazihesabu kuanzia 0. Nyengine nzima, nyengine mbovu, ukikanyaga mbovu umeshaingia topeni. Wewe umesimama ubao wa 0, ambao ni mzima, na kila mruko lazima usogee mbao zisizopungua a na zisizozidi b, tena mbele tu, kurudi nyuma hamna. Unaulizwa: utafika ubao wa mwisho au hufiki?

Angalia vizuri kinachoulizwa. Hatujaulizwa njia fupi ni ipi wala njia ziko ngapi, ni ndio au hapana basi. Hilo linarahisisha kazi sana na watu wengi wanalipita mbio, wanaanza kuhifadhi vitu ambavyo hakuna aliyewaomba.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni huu, Z ni ubao mzima na B ni mbovu:

`ZZZBZZZBZZZZZ`, a = 3, b = 4

Ziko mbao 13, za 0 mpaka 12, na mbovu ni wa 3 na wa 7. Chukua karatasi uchore, usisome kwa macho tu.

DP ni kitu gani hasa?

Ni dainamiki programingi, sote tunaita DP tu. Aliyeijenga ni Richard Bellman, mwanahisabati wa Marekani, miaka ya 1950 alipokuwa akifanya kazi RAND, taasisi ya utafiti kule California. Kazi yake ni hii: una swali kubwa ambalo ndani yake mna maswali madogo, na hayo madogo yanajirudia rudia, basi kila dogo unalijibu mara moja, unaliandika jibu lake, na ukilihitaji tena unaenda kulisoma badala ya kulifanyia kazi upya. Ukiona mtu anaielezea kwa mambo mazito kuliko hayo, muombe aanze na mfano.

Kwa nini nisijaribu njia zote? Kompyuta si ina kasi?

Ina kasi, lakini njia zinazaana. Chukua daraja ambalo mbao zake zote nzima na unaruhusiwa kuruka 1 au 2. Njia za kufika ubao wa 40 ni 165,580,141. Ubao wa 40 tu, daraja dogo kabisa! Sasa weka mbao mbili mbovu mfululizo mbele yake, wa 41 na wa 42, halafu mwisho uwe wa 43. Daraja hilo halivukiki kwa mruko wa 1 au 2, lakini programu inayojaribu njia zote haijui hivo, itazipitia zote moja moja, kila moja inagonga pale pale, na mwisho ndo inakwambia hapana.

Ndo mana programu nyengine zinaonekana nzuri kwenye majaribio. Jibu likiwa ndio inaweza kubahatika kulipata mapema ikasimama. Jibu likiwa hapana ndo unaijua tabia yake, kwa hiyo ukijaribu programu yako anza na madaraja yasiyovukika.

Naanzia wapi? Nikikaa mbele ya kompyuta kichwa kinakuwa cheupe.

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na jibu langu halibadiliki: usiguse kibodi. Andika kwanza sentensi moja ya Kiswahili inayosema kila kisanduku cha jedwali lako kinabeba maana gani. Kwa fumbo letu ni hii:

*f(i) ni ndio kama naweza kusimama kwenye ubao wa i nikiwa nimeanzia ubao wa 0 na kila mruko wangu umefuata masharti.*

Neno linalobeba uzito hapo ni kusimama. Ubao wa 5 unaweza kuwa mzima kabisa na bado usiweze kusimama juu yake, kwa sababu hakuna mruko wowote unaokuangusha pale. Ubao kuwa mzima ni jambo moja, ubao kufikika ni jambo jengine, na nusu ya programu mbovu ninazoletewa zimechanganya haya mawili. Kuna wanaoandika f(i) ni ndio kama naweza kufika i au kupita. Sentensi hiyo inasikika vizuri lakini haikusaidii, mana ukijua mtu amepita wa 5 hujui yuko wapi, sa utajuaje mruko wake unaofuata unaangukia wapi?

Sentensi ikishakaa sawa, kanuni inakuja yenyewe. Nitasimamaje kwenye i? Lazima nimetoka ubao fulani j, na j lazima iwe kati ya i − b na i − a, na j yenyewe iwe inafikika, na i iwe nzima. Basi. f(0) ni ndio kwa sababu umeshasimama hapo.

Mtu akinitumia programu yake haifanyi kazi sisomi programu, namuomba sentensi. Mara nyingi anapoiandika tu kosa analiona mwenyewe kabla sijajibu.

Nionyeshe kwa mkono, bila kompyuta.

Haya, twende na mfano wetu. Miruko ni 3 au 4, kwa hiyo ubao wa i unatazama nyuma mbao mbili tu, i − 4 na i − 3.

Wa 0, ndio. Wa 1 na wa 2 ni wazima lakini hapana, kwa sababu mruko mdogo kabisa ni 3 na ushawapita. Wa 3 ungefikika kutoka 0 lakini ni mbovu, hapana. Wa 4: anatazama 0 na 1, wa 0 ni ndio, kwa hiyo ndio. Wa 5 anatazama 1 na 2, zote hapana, basi hapana. Wa 6 anatazama 2 na 3, hapana. Wa 7 mbovu, hapana, usihangaike kutazama nyuma. Wa 8 anatazama 4 na 5, wa 4 ndio, kwa hiyo ndio. Wa 9 anatazama 5 na 6, hapana. Wa 10 anatazama 6 na 7, hapana. Wa 11 anatazama 7 na 8, ndio. Wa 12 anatazama 8 na 9, ndio, na huyo ndo wa mwisho, kwa hiyo daraja linavukika: 0, 4, 8, 12.

Sasa ongeza ubao mmoja tu mzima mwishoni, uwe wa 13. Anatazama 9 na 10, zote hapana. Daraja halivukiki tena! Ongeza mwengine, wa 14, anatazama 10 na 11, wa 11 ni ndio, linavukika. Yani linavukika, halivukiki, linavukika, kwa kuongeza mbao nzima moja moja. Kaa na mfano huu mpaka ukuingie, mana jibu la swali linalofuata liko humu humu.

Na kwa faida tu: kwa miruko ya 3 na 4, hata daraja lote lingekuwa zima, ubao wa 1, wa 2 na wa 5 huwezi kuufikia kabisa. Kuanzia wa 6 yote inafikika.

Mwenzangu anasema DP haihitajiki, unashika ubao wa mbali kabisa uliofika na kuusogeza tu. Kweli?

Hiyo ni njia ya pupa, na mwenzako yuko sahihi kwa fumbo jengine. Lipo fumbo ambalo hamna mbao mbovu na kila ubao una namba inayosema unaweza kuruka mpaka ngapi, yani 1, 2, 3 hadi hiyo namba. Hapo ukifika wa 10 maana yake wote wa nyuma yake wanafikika pia, hakuna mashimo katikati, kwa hiyo namba moja tu ya mbali kabisa inakutosha kujua kila kitu. Fumbo hilo limalize kwa pupa, DP utaipa kazi ya bure.

Letu lina mashimo. Umefika wa 12 lakini wa 9 na wa 10 hujafika, na ndo hao wawili wa 13 anaowahitaji. Namba ya mbali kabisa imeficha habari hiyo. Kwa hiyo kabla hujatumia pupa jiulize: kama nimefika hapa, je ni kweli nimefika na kote nyuma? Jibu likiwa hapana, rudi kwenye jedwali.

Nina lupu (marudio) mbili, moja inapita kila ubao na moja ya ndani inatazama nyuma, na programu inakuwa polepole. Nifanyeje?

Tuseme mbao 100,000, a ni 1 na b ni 50,000. Kila ubao unatazama nyuma mbao mpaka 50,000, ukijumlisha zote unapata mitazamo karibu 3,750,000,000. Python hapo utaenda kuswali urudi uikute bado inahangaika. Ukiweka kusimama pale inapopata ndio ya kwanza inasaidia wakati mwengine, lakini daraja likiwa na mbao chache zinazofikika inarudi kule kule.

Dawa yake ni kuona kwamba ubao wa i na ubao wa i + 1 wanatazama karibu mbao zile zile. Dirisha limesogea hatua moja: upande wa mbele ameingia mmoja, upande wa nyuma ametoka mmoja, waliobaki wote ni wale wale. Kwa nini uwahesabu upya? Shika namba moja inayosema ndani ya dirisha ziko ndio ngapi, akiingia ndio ongeza, akitoka ndio punguza, na kama namba ni zaidi ya sifuri na ubao ni mzima basi unafikika.

```
def fika(mbao, a, b):
    n = len(mbao)
    f = [False] * n
    f[0] = True
    idadi = 0
    for i in range(1, n):
        if i >= a and f[i - a]:
            idadi += 1
        if i > b and f[i - b - 1]:
            idadi -= 1
        f[i] = idadi > 0 and mbao[i] == "Z"
    return f[n - 1]
```

Lupu moja, hatua 100,000 kwa mbao 100,000, inamaliza kabla hujainua kikombe. Ukijaribu kwenye `ZZZBZZZBZZZZZ` na 3 na 4 lazima ikupe True, ukiongeza Z moja mwishoni lazima ikupe False.

Ile − 1 kwenye i − b − 1 inatoka wapi?

Ubao wa i − b bado yumo ndani ya dirisha, mruko wa b unaruhusiwa. Anayetoka ni yule aliye nyuma yake, i − b − 1. Ukiisahau hiyo moja, ukaandika i ≥ b na f[i - b], utakuwa umekataza mruko mkubwa kabisa bila kujua, na kwenye mfano wetu programu itakuwa kama imeambiwa miruko ni 3 tu, inagonga ubao wa 3 ambao ni mbovu na inasema hapana. Kosa hili linakera kwa sababu kwenye madaraja yenye mbao nyingi nzima halionekani, jibu linatoka sahihi kwa bahati.

Kuna njia fupi zaidi ya hiyo?

Ipo na mimi naipenda zaidi. Huhitaji kujua ziko ndio ngapi ndani ya dirisha, unahitaji kujua kama ipo hata moja. Basi shika ubao wa karibuni kabisa unaofikika ambao hauzidi i − a. Kama huyo hajapungua i − b, yumo dirishani. Kama kapungua, hamna yeyote, mana wengine wote wako nyuma zaidi yake. Na faida yake kubwa, sasa unajua umetoka wapi, kwa hiyo unaweza kuichora njia yenyewe:

```
def njia(mbao, a, b):
    n = len(mbao)
    toka = [None] * n
    toka[0] = 0
    nyuma = -1
    for i in range(1, n):
        if i >= a and toka[i - a] is not None:
            nyuma = i - a
        if mbao[i] == "Z" and nyuma >= 0 and nyuma >= i - b:
            toka[i] = nyuma
    return toka
```

Ukimaliza anza mwisho urudi nyuma: wa 12 katoka 8, wa 8 katoka 4, wa 4 katoka 0. Igeuze hiyo listi unapata njia. Kisanduku chenye None maana yake hakifikiki.

Rikasheni au lupu, ipi bora?

Kufikiri, rikasheni, yani fankisheni inayojiita yenyewe. Kuendesha, lupu. Rikasheni yenye kumbukumbu inatoa jibu sawa sawa, lakini Python kwa kawaida inakata fankisheni ikijiita ndani kwa ndani kama mara 1,000, na daraja la mbao 100,000 litakuangukia njiani. Unaweza kuipandisha hiyo namba, mimi sipendi, kwenye simu hasa programu inaweza kufa kimya kimya bila kukwambia chochote.

Je, wakiruhusu kurudi nyuma?

Hapo DP ya kujaza jedwali kwa mstari inavunjika na ni vizuri ujue kwa nini. Tulipojaza ubao wa 8, wa 4 na wa 5 walikuwa wameshajibiwa, kwa sababu miruko inakwenda mbele tu na sisi tulijaza kwenda mbele. Ukiruhusu kurudi, jibu la 8 linaweza kutegemea 11 na la 11 linategemea 8, yani kila mmoja anamsubiri mwenzake. Hakuna mpangilio wa kujaza unaowaridhisha wote wawili.

Dawa ni kusambaa tabaka kwa tabaka, inaitwa BFS: anza na 0, tia kwenye foleni wote unaowafikia kutoka 0, kila mmoja akitoka kwenye foleni tia anaowafikia ambao hawajatiwa, mpaka foleni iishe. Aliyetiwa anafikika, asiyetiwa hafikiki. Na wakikuuliza miruko michache kabisa ni mingapi, tumia hii hii.

Hivo hivo kwenye gridi. Ukiruhusiwa kwenda kulia na chini tu, DP. Ukiruhusiwa pande zote nne, BFS. Vijana wengi wanajaza gridi ya pande nne kwa lupu mbili, wanapata sahihi kwenye mfano wa swali, halafu wanashangaa majaribio mengine yanakataa, kumbe ile njia ilihitaji kupanda juu kidogo kukwepa ukuta na lupu yao ilishapita pale.

Hii ya noti za mfukoni nayo ni fumbo la kufikika?

Ndio, na ni ndugu wa damu wa lile la daraja. Mfukoni una 500 moja (sarafu nayo tuihesabu kama noti), 2,000 mbili na 5,000 moja, jumla 9,500. Muuza duka hana chenji. Je, unaweza kulipa 7,500 kamili? Unaweza, 5,000 na 2,000 na 500. Je, 8,000? Huwezi, ingawa pesa unazo za kuzidi. Na 6,000 pia huwezi.

Mbao sasa ni viwango vya pesa, kuanzia 0 mpaka 9,500, na kila noti ni mruko. Tofauti ni moja lakini ni nzito: kila noti unaitumia mara moja tu. Sentensi yetu inabadilika, f(s) ni ndio kama naweza kupata s kamili kwa kutumia baadhi ya noti nilizozipitia mpaka sasa, kila moja isizidi mara moja.

```
noti = [500, 2000, 2000, 5000]
f = [False] * 9501
f[0] = True
for x in noti:
    for s in range(9500, x - 1, -1):
        if f[s - x]:
            f[s] = True
```

Mnaniuliza sana kwa nini lupu ya ndani inarudi nyuma. Jaribu kuipeleka mbele na noti moja tu ya 2,000: inaweka ndio kwenye 2,000, halafu ikifika 4,000 inatazama 2,000 inaona ndio, inaweka ndio, halafu 6,000 hivo hivo. Noti moja umeitumia mara tatu, na programu inakwambia 6,000 inawezekana. Ukirudi nyuma, unapofika 6,000 kile kisanduku cha 4,000 bado hakijaguswa na noti hii, kina habari za noti zilizopita tu, kwa hiyo huwezi kuitumia mara mbili. Kwenda mbele si kosa kila mara, ni sahihi kama una noti zisizo na idadi, ila hilo ni swali jengine.

Na usijaze visanduku 9,501 wakati kila noti inagawanyika kwa 500. Gawa zote kwa 500, noti zako ni 1, 4, 4, 10, na jedwali linakuwa visanduku 20. Wenye kupenda ufupi wanaandika w = 1 halafu kwa kila noti w |= w << x, hapo kila biti ya namba w ni kisanduku kimoja na kompyuta inasogeza vingi kwa mpigo. Inapendeza sana ukishaielewa ile ya kwanza.

Ujue tu kwamba kazi hii inakua na ukubwa wa kiasi, siyo na idadi ya noti peke yake. Namba zikiwa na tarakimu kumi na tano zisizogawanyika kwa kitu chochote cha maana, jedwali halitoshi kwenye memori yoyote.

Naweza kutumia DP kujua kama nitashinda bao?

Hili linaulizwa na wale wanaokaa barazani jioni, na ni swali zuri. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mwanzo wa mchezo kila mmoja ana kete 22 mkononi za kunamua. Kisanduku chako kingelazimika kubeba mpangilio wote wa kete, na zilizobaki mkononi, na zamu ya nani. Mipangilio hiyo ni mingi mno, huna pa kuiandika. Halafu kuna mpinzani, kwa hiyo swali siyo tena naweza kufika, ni naweza kufika hata yeye akinizuia kwa kila namna. Kwenye daraja kisanduku chetu kilibeba namba moja tu, tumesimama wapi, kwa sababu mruko unaofuata haujali tulifikaje pale. Hilo ndo la kupima kwenye kila fumbo jipya: ni vitu gani lazima nivikumbuke ili nijue nitakachoweza kufanya kesho? Vikiwa vichache, DP. Vikiwa bao zima, tafuta njia nyengine.

Wakitaka idadi ya njia badala ya ndio na hapana?

Badala ya kuuliza yupo ndio, jumlisha. Kisanduku kinabeba idadi ya njia za kufika pale, na dirisha linabeba jumla yake. Namba zinakuwa kubwa haraka, ndo mana mashindano mengi yanataka baki ukigawa kwa 1,000,000,007.

Nitajuaje programu yangu iko sahihi?

Andika na ile ya kijinga inayojaribu njia zote. Tengeneza madaraja madogo ya bahati nasibu, mbao 1 mpaka 12, a na b zozote, upite nayo maelfu kwenye programu zote mbili, na zikitofautiana popote simama uchapishe hilo daraja. Litakuwa dogo, utalifuata kwa mkono na kosa utaliona. Usisahau daraja la ubao mmoja tu (jibu ndio, umeshafika), daraja ambalo ubao wa mwisho ni mbovu, na lile ambalo a ni sawa na b.

Jibu ni hapana. Naweza kujua nitengeneze ubao upi ili livukike?

Hili aliniuliza binti mmoja wa skuli ya hapa na tangu hapo nalitumia kufundishia, mana linaonyesha jedwali lina nguvu kiasi gani ukilijaza mara mbili. Jaza f kama kawaida kutoka mbele. Halafu jaza g kutoka nyuma, kwa sentensi hii: *g(i) ni ndio kama ubao wa i ni mzima na nikisimama juu yake naweza kufika mwisho.* Ni kanuni ile ile imegeuzwa, unatazama i + a mpaka i + b, na g ya ubao wa mwisho ni ndio kama ubao huo ni mzima.

Sasa chukua kila ubao mbovu, mmoja mmoja. Kama nyuma yake, kati ya i − b na i − a, yupo mwenye f ndio, na mbele yake, kati ya i + a na i + b, yupo mwenye g ndio, basi ukiutengeneza huo mmoja tu daraja linavukika. (Mbovu akiwa ni wa mwisho mwenyewe, tazama f ya nyuma yake tu.) Huna haja ya kuendesha programu upya kwa kila ubao.

Chukua lile daraja letu la mbao 14, la 0 mpaka 13, ambalo halivukiki. Mwenye g ndio ni 13, halafu 10 na 9, halafu 6 na 5, halafu 2 na 1. Ubao wa 3 nyuma yake ana 0 mwenye f ndio na mbele yake ana 6 mwenye g ndio, kwa hiyo ukitengenezwa unapita 0, 3, 6, 9, 13. Ubao wa 7 nyuma yake ana 4 na mbele yake ana 10, ukitengenezwa unapita 0, 4, 7, 10, 13. Yoyote kati ya hizo mbili, msumari na ubao mmoja vinatosha.